Banda Bila Kibali, Waya kwa Leseni

Mkulima wa kijijini Tanzania akitaka kujenga banda la ng'ombe nyuma ya nyumba yake, kwa kawaida hana ofisi ya kupitia. Kama ardhi ni yake na jirani hana ugomvi wa mpaka, atakata miti, atafyatua tofali, atanunua bati moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu, na banda litasimama. Siku akitaka kuvuta umeme hapo nyumbani kwa mara ya kwanza, apate hata taa moja ya kukamulia alfajiri, mambo hugeuka. Sasa anahitajika mkandarasi mwenye leseni, mchoro, mhuri, fomu ya shirika la umeme TANESCO na namba ya malipo. Nguzo na paa havikuihusu serikali. Waya unaihusu.

Tofauti hiyo haikuandikwa siku moja wala na mtu mmoja. Sheria ya majengo ililetwa kuulinda mji, ikaishia kwenye mpaka wa mji. Sheria ya umeme ilikuja na mtambo, ikawa inakwenda kila waya unakokwenda.

Tuanze na majengo. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, na mwaka uleule wakaandika kanuni za ujenzi za mji huo. Kanuni hizo ziligawa mji katika kanda tatu. Ya kwanza, upande wa bahari, ilikuwa ya majengo ya mtindo wa Ulaya tu. Ya pili ilikuwa ya nyumba za vifaa imara, na humo Uhindini ikakua. Ya tatu iliachiwa nyumba za miti, udongo na makuti. Kwenye karatasi, kilichotajwa ni aina ya jengo, si rangi ya mwenye jengo. Lakini nani mwingine angejenga jumba la Kizungu ufukweni? Waingereza walipochukua nchi wakaurithi mgawanyo huo na kuufunga kwa sheria ya miji ya 1920. Mnazi Mmoja ukabaki uwanja wazi kati ya Uhindini na Kariakoo ya kanda ya tatu.

Ukisoma kanuni za namna hiyo unaona wazi hofu yao ilikuwa nini: moto wa makuti, mbu, tauni, na watu kuchanganyika. Usalama wa mtu anayelala ndani ya kibanda haukuwa mbele katika orodha. Mwaka 1930 zikaja kanuni za ujenzi katika miji, na mwaka 1956 sheria ya mipango ya miji na vijiji, ambayo licha ya jina lake ilishughulika zaidi na miji. Ndani ya mpaka uliotangazwa, mwenye kiwanja alipaswa kupeleka mchoro kabla ya kuchimba msingi. Nje ya mpaka hapakuwa na wa kupelekewa mchoro.

Si kwamba serikali haikuyajua mabanda ya shambani. Iliyajua sana, kwa hesabu. Wajerumani walitangaza kodi ya kibanda mwaka 1897, rupia 3 kwa kibanda cha shamba, na Waingereza wakaendelea na kodi ya kibanda na kichwa mwaka 1922. Akida na jumbe walipita kuhesabu paa, wala hawakupita kupima kama nguzo zimesimama sawa. Wengine walijibu kwa kubanana ndani ya nyumba moja ili walipe kodi moja, na katika hilo sera ya kodi iliwaathiri wakazi wa vijijini kuliko kanuni yoyote ya ujenzi ya zama zile.

Umeme ulikuwa na njia nyingine kabisa. Dar es Salaam iliupata mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa Wazungu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka 1920, Waingereza waliunda idara ya serikali ya umeme, na mwaka 1931 wakakabidhi kazi hiyo kwa kampuni binafsi mbili. DARESCO ilishika Dar es Salaam na miji ya reli ya kati. TANESCO ikaelekea Tanga. Mwaka huohuo wa 1931 ilitungwa sheria ya umeme ya Tanganyika, na ukiitazama umri wake utashangaa: ilikaa vitabuni hadi ilipofutwa na Sheria ya Umeme ya 2008. Miaka 77. Ilizaliwa wakati wa gavana, ikapita uhuru, Azimio la Arusha, soko huria na simu za mkononi.

Nyuma ya sheria hiyo palikuwa na desturi ya ufundi ya Uingereza. Wahandisi wa London walitoa kanuni zao za kwanza za nyaya mwaka 1882, na lengo lililotajwa kwenye jina lake lilikuwa kuzuia hatari ya moto unaosababishwa na taa za umeme. Huo ndio mzizi wa mambo yote yanayomsumbua mwenye banda leo: ukubwa wa waya, fyuzi, ethi, na nani aruhusiwe kuvifunga. Waya haubagui kati ya jumba na zizi, ukizidiwa unachoma vyote. Kwa hiyo tangu mwanzo kanuni za umeme hazikuuliza jengo liko ndani ya mji au nje yake.

Na jengo la shamba lililopata umeme wa maana mapema Tanganyika halikuwa nyumba ya mtu. Lilikuwa banda la korona. TANESCO ilijenga mtambo wa maji kwenye maporomoko ya Pangani, karibu na Hale, katika miaka ya 1930, na wateja wake wakubwa walikuwa mashamba ya mkonge. Umeme mwingine uliuzwa mpaka Mombasa. Korona ni mashine inayokwangua jani la mkonge libaki katani. Ni mashine kubwa, ya maji mengi na kelele, inayolishwa na mikono ya watu kutwa nzima. Banda lake lilikuwa la mabati, limejaa unyevu na makapi, mazingira mabaya kwa waya kuliko sebule yoyote. Makampuni yalikuwa na wahandisi wao na yalifuata kanuni kwa sababu mashine ikisimama hasara ni yao. Manamba waliolisha mashine hiyo walirudi jioni kwenye kambi zenye koroboi.

Sura hiyo ilidumu. Serikali huru ilinunua hisa za kampuni zote mbili mwaka 1964, mwaka uleule kituo cha Hale kilipofunguliwa, na baadaye yakaja Nyumba ya Mungu, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988. Nyaya kubwa zilipita juu ya mashamba ya mahindi zikielekea Dar es Salaam, Morogoro, Moshi. Wanavijiji walizitazama kwa chini.

Kijiji chenyewe, wakati huo, kilikuwa kinahamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na ikatakiwa zoezi hilo, Operesheni Vijiji, likamilike kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihama. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, viwanja vikapimwa kwa hatua za miguu na kamba, na serikali ikamwelekeza mwananchi wa kijijini pa kujenga. Hata hivyo, hiyo haikuwa sheria ya ujenzi. Hakuna aliyepewa kibali chenye mchoro. Alipewa mahali, akaambiwa ajenge haraka kabla ya mvua. Na ikumbukwe kwamba kati ya 1972 na 1978 hata halmashauri za miji zilikuwa zimevunjwa, kwa hiyo usimamizi wa ujenzi ulikuwa dhaifu hata mjini.

Jengo moja tu la nje lilipata macho ya dola kwenye kila kaya: choo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wanaokadiriwa milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakisoma vitabu vyake na kisha kwenda kuchimba. Bwana afya alipita, akauliza choo kiko wapi, akafungua mlango akachungulia. Jiko la nje halikuulizwa. Ghala halikuulizwa. Kama unataka kujua dola la Tanzania lilijali nini katika mabanda ya nyuma ya nyumba kwa miaka mingi, jibu ni kipindupindu na minyoo, si ukuta kuanguka wala waya kuwaka.

Urambo, mkoani Tabora, unaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyojipanga yenyewe. Hapo Waingereza walijaribu mradi wa karanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kama walivyofanya Kongwa na Nachingwea, wakashindwa vibaya. Ilipofika 1951 mradi ulikuwa umeachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Tumbaku ikachukua nafasi, na tumbaku ya mvuke haiendi bila bani. Bani ni jengo refu, jembamba, la tofali au udongo, lenye tanuri na mabomba ya kupitisha joto, ambamo majani huning'inizwa siku kadhaa hadi yakauke na kugeuka rangi. Ni jengo la hatari: moto chini, majani makavu juu. Kwa mantiki ya mjini lingehitaji mchoro, ukaguzi na ndoo za mchanga. Urambo lilijengwa kwa uzoefu wa mkulima na maelekezo ya mabwana shamba. Likiungua, jirani walisaidia kuzima na msimu uliofuata likajengwa jingine. Sheria halisi ya bani ilikuwa soko: jani lililokauka vibaya halipati daraja.

Lakini umeme ulipofika Urambo, haukufika kienyeji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi waliunda ushirika wa watumiaji wa umeme, kwa msaada wa Taasisi ya Mazingira ya Stockholm na kwa kushirikiana na TANESCO. Waliendesha jenereta za dizeli kwa saa chache za jioni. Ushirika ulikuwa na wanachama, bei, kumbukumbu na mafundi wake. Katika mji mdogo uleule ambako bani lilisimama bila karatasi yoyote, kuwasha balbu kulipitia ushirika. Waya ulileta ofisi palipokuwa hapana ofisi, na sidhani palikuwa na njia nyingine: mtu anayechota umeme kwenye jenereta ya wote lazima ajulikane.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianzishwa kwa sheria ya 2005 na kuanza kazi Oktoba 2007. Tangu hapo kasi ilibadilika. Kufikia 2025 serikali ilikuwa imetangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa na gridi au chanzo kingine, na kazi ikahamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Kijijini ada ya kuunganishwa iliwekwa shilingi 27,000, wakati mjini kuanzia Januari 2022 mteja wa njia moja aliye karibu na nguzo hulipa 320,960.

Hizo 27,000 ndizo zinazotajwa kwenye mikutano. Gharama ya wayaringi ndani ya nyumba haitajwi, na hiyo mara nyingi ni kubwa zaidi: roli za waya wa 1.5 na wa 2.5, soketi, swichi, sakiti breka, ethi rodi, na malipo ya fundi. Tena kwa muda mrefu nyumba ya udongo yenye paa la nyasi ilikuwa ngumu kupitishwa, kwa sababu ileile ya moto ya mwaka 1882. REA na TANESCO walijibu kwa kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari: kibao kimoja chenye breka, soketi na taa, kinachofungwa ukutani bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Ni ubunifu mzuri kuliko unavyosifiwa. Unakubali nyumba ilivyo, badala ya kumwambia mwenye nyumba abomoe kwanza.

Upande wa usimamizi, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kazi mwaka 2006 na baadaye ikakabidhiwa leseni za mafundi wa umeme, zenye madaraja kuanzia A kwenda chini, kulingana na ukubwa wa kazi. Kwenye karatasi, hakuna banda la kuku Ludewa au Kibondo linaloruhusiwa kufungiwa nyaya na mtu asiye na leseni. Kwa vitendo, kazi nyingi hufanywa na vishoka. Kishoka ana koleo, testa, na simu yenye namba ya mkandarasi fulani mwenye mhuri. Kazi ni ya mmoja, jina kwenye fomu ni la mwingine.

Banda la mashine ya kusaga linastahili makala yake peke yake. Kwa miongo mingi kijiji kilitambulika kwa mlio wa injini ya Lister, na banda lake lilikuwa la bati lenye vumbi la unga kila pembe. Umeme wa njia tatu ulipofika, wengi waliweka mota mahali pa injini, ndani ya banda lilelile. Mota haimwagi dizeli, lakini unga huingia kwenye swichi, mkanda hutikisa ukuta wa miti, na nyaya za mota zikipitishwa chini bila bomba panya huzila. Hapo angalau mkaguzi hupita, kwa kuwa mashine ni biashara na biashara ina leseni yake.

Banda la kuku halina bahati hiyo. Nyumba ikishaunganishwa na mita ikishaanza kula tokeni, TANESCO imemaliza kazi yake. Kinachofungwa baada ya mita ni cha mwenye nyumba. Miezi sita baadaye mama mwenye nyumba ananunua vifaranga mia mbili, anaambiwa waya wa ekstensheni unatosha, na balbu kubwa ya joto inaning'inizwa kwa kamba juu ya maranda ya mbao. Kamba ikikatika usiku, balbu inalala juu ya maranda. Zizini hali ni nyingine lakini si nafuu: sakafu ya mkojo na maji, hewa inayokula shaba, na ng'ombe aliyesimama kwa miguu minne juu ya unyevu, ambaye huumizwa na volti ndogo ambazo mtu aliyevaa viatu hatazisikia. Ng'ombe asiyetaka kuingia kukamuliwa mara nyingine hana ukaidi, ana ethi mbovu.

Kwa hiyo kwa mabanda ya nyumbani ukaguzi upo siku moja tu, siku ya kuunganishwa, na siku hiyo banda huwa bado halijajengwa.

Kenya ilikwenda njia yake. Kanuni zake za ujenzi za mwaka 1968 zilikuwa na ngazi mbili, ya juu na ya chini, na mwaka 1995 zikalegezwa kuruhusu vifaa vya kienyeji. Sheria ya mipango ya 2019 inataka ruhusa ya kaunti kwa ujenzi popote ndani ya kaunti, mjini na mashambani. Kwa maandishi basi, Kenya imefuta ule mpaka wa mji ambao Tanzania bado inao. Umeme nao ulisukumwa kwa nguvu kupitia mpango wa 2015 ulioshusha ada kutoka karibu shilingi 35,000 za Kenya hadi 15,000.

Tanzania, mpaka huo unasogea badala ya kufutwa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka kibali ndani ya eneo lolote lililotangazwa kuwa la mipango, na maeneo yaliyoiva kimji hutangazwa kila mara. Goba na Chanika, ambako wazee wanakumbuka mashamba ya mihogo, leo ni sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Mtu alijenga zizi kijijini, akaamka ana zizi mjini bila kuhama hata hatua moja. Kutoka hapo mchezo ni mwingine: mchoro, ada, bwana mipango miji, na mgambo wa halmashauri.

Hata mwenye banda aliyebaki kijijini kabisa hayuko huru kama anavyodhani. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na alama ya X ikatokea kwenye mabanda mengi yaliyojengwa kwa mstari wa Operesheni Vijiji, pale serikali yenyewe ilipoelekeza. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na ziwani. Na nyaya kubwa za umeme zina njia yao ambayo haijengwi chini yake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoitwa kibali cha ujenzi. Zote zinaweza kuliondoa banda.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kupeleka kibali cha ujenzi vijijini pia, kila zizi na kila ghala. Hoja hiyo haina mguu. Kibali mjini Dar es Salaam hakikuzuia jengo la ghorofa kuporomoka Machi 2013 na kuua watu 36, katikati ya jiji lenye wahandisi na ofisi zote. Kijijini kingezaa foleni, nauli ya kwenda wilayani, na chai ya mtu wa mezani. Banda la miti likianguka huua mara chache. Waya mbovu ndani yake huua mara nyingi zaidi, na huua usiku.

Mahali pa kutia mkazo ni pale palipoachwa wazi: baada ya mita. TANESCO ina ofisi wilayani na mafundi wanaopita vijijini kwa ajili ya nguzo na mita za LUKU. EWURA ina orodha ya wenye leseni. Wakikubaliana kwamba mteja wa kijijini anayeongeza banda anaweza kuita ukaguzi wa waya wake bila malipo, au kwa ada ndogo kama ile ya 27,000, ulinzi ulioanza na korona za Tanga utamfikia hatimaye mfuga kuku. Hadi hapo watakapokubaliana, mwenye banda na amwombe fundi amwonyeshe leseni na daraja lake kabla ya kumpa fedha, adai ethi na kifaa cha kukata umeme unapovuja, na asiruhusu balbu ya vifaranga ining'inizwe kwa kamba ya katani.